Ninavyowaelewesha wenye karakana ndogo sheria ya usalama kazini

Mwenye karakana ya kuchomelea mageti, mwenye vijana sita, huwa na jibu moja: "Sisi wadogo, kaka. OSHA ni ya viwanda." Anamaanisha wakala wa serikali unaosimamia usalama na afya mahali pa kazi. Sibishani naye, tunahesabu vichwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya. Hapo sita wameshazidi. Usajili wa sehemu yenyewe ya kazi ni suala jingine, ambalo siligusi hapa.

Vifungu vinabaki kwenye mkoba, kwa sababu nikivisoma mwanzo watu husinzia. Tunaanzia kwenye grinda.

Grinda ndogo ya inchi nne na nusu huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya inchi tisa imeandikwa kikomo cha kama 6,600. Sasa mafundi hawapendi kutupa kitu: diski kubwa ikilika huhamishiwa kwenye grinda ndogo, na kwa kuwa haienei ndani ya kava, kava linafunguliwa na kutupwa pembeni. Namwomba bosi asome mwenyewe namba ya kwenye diski, kisha ya kwenye kibati cha mashine. Akishaziona zote mbili, matakwa ya sheria kwamba mashine iwe na kinga hayahitaji tena maelezo marefu. Diski ikipasuka kwa kasi hiyo, vipande vinampiga fundi, au msaidizi aliyeshika bomba, usoni, shingoni na tumboni.

Hapo hapo tunaandika mstari wa kwanza wa tathmini ya hatari, kwa peni, kwenye karatasi ya kawaida: kazi, kukata bomba; hatari, diski kupasuka; anayeweza kuumia, fundi na msaidizi; hatua, kurudisha kava na kutupa diski kubwa zilizolika; mhusika, fundi mkuu; mwisho, kabla ya Jumatatu. Karatasi moja au mbili zinatosha karakana nzima. Tathmini ya kunakili hujitangaza yenyewe: inataja foklifti mahali ambapo hata toroli hamna.

Kosa linalofuata ni kukimbilia dukani kununua glavu. Vifaa vya kujikinga ni hatua ya mwisho, baada ya kuondoa hatari, kuifunga au kubadili namna ya kufanya kazi. Tena glavu kwenye drili ya mezani ni hatari: keekee ikiidaka, inavuta mkono mzima. Kwenye kuchomelea, miwani ya jua haisaidii kitu. Kinachotakiwa kwa kazi za kawaida za mageti ni kioo cheusi cha kuchomelea, namba 10 au 11, na kijana anayeshikilia geti naye awe nacho, maana jioni ndiye anayelala macho yakiwa kama yametiwa mchanga. Na vifaa hivyo havikatwi kwenye mshahara.

Halafu kuna kuchanganya OSHA na WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. OSHA inasimamia kuzuia ajali. WCF inalipa fidia mtu akishaumia au kuugua kwa sababu ya kazi, na kulipia kimoja hakufuti kingine. Mchango wa WCF ni asilimia 0.5 ya mishahara, anautoa mwajiri, hamkati mfanyakazi. Wengi huuogopa kabla ya kupiga hesabu. Mishahara ya vijana sita ikiwa jumla 1,800,000 kwa mwezi, mchango ni shilingi 9,000. Diski chache tu hizo.

Mwisho ndiyo barua ya mwakilishi: jina, eneo analosimamia, muda, sahihi ya mwajiri na yake. Bosi hupenda kumteua mpwa wake anayeshika pesa mezani. Namshauri amchague anayeshika grinda kila siku, na nakala ya barua ibandikwe karibu na swichi kubwa, mahali kila mtu anapita asubuhi.