Watani msibani

Tulipofiwa na babu, bibi alikaa mkekani hali, hanywi, haongei. Sisi Wazaramo, na watani zetu ni Wasukuma. Basi mtani mmoja akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu ya marehemu na baraghashia upande, mkongojo mkononi, anakohoa kama babu mwenyewe. Akafunua sufuria la pilau, akachungulia: "Nyama iko wapi? Nimekufa, sijafilisika!"

Bibi alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Kisha akalia sana, kilio cha kweli sasa. Baadaye akaomba uji.

Wageni wa mila hii huona ni utovu wa adabu. Mimi naona wazee walijua jambo. Mwaka 2011, mwanasaikolojia Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na wenzake walitoa utafiti: watu walioangua kicheko, hasa wakiwa pamoja, walistahimili maumivu zaidi baadaye, mfano kubanwa mkono kwa kifaa cha kupimia presha. Maelezo yao ni kwamba kicheko cha kutoka tumboni huenda huamsha endofini, kemikali za mwili za kupunguza maumivu. Tabasamu la adabu halihesabiki.

Sisemi kicheko ni dawa, jamani. Vidonge vya presha bibi anameza vilevile. Ila zile siku za matanga ningeziogopa sana bila wale wachokozi, ingawa walitutoza hela ya soda kwa kila kichekesho.

Kwenu watani wenu ni kina nani, na msibani huwafanyia nini?