Lushoto hadi Mkomazi pamoja na mama mkwe: nilivyoipanga likizo yetu ya Juni

Watu wengi ninaofahamiana nao hapa Dar wakisikia utalii wa ndani, mawazo yanakimbilia Serengeti au Zanzibar, wakipiga hesabu wanaishia Kigamboni. Mimi nilitaka milima, baridi, kutembea msituni na wanyama wakubwa, vyote katika safari moja, kwa fedha za mchezo wetu wa kazini, ule wa kuchangiana na kupeana kwa zamu, na si shilingi zaidi. Wasafiri wangu nao walikuwa wa kila namna: mume ambaye likizo kwake maana yake ni kulala, kijana wa miaka 13 asiyeachia simu, mdogo wake wa kike anayeuliza hadi mtu uchoke, na mama mkwe wangu, mtu wa Bagamoyo, ambaye magoti yanamsumbua lakini ukimwacha nyumbani utalisikia hilo mwaka mzima.

Ramani ndiyo iliyonipa jibu. Milima ya Usambara Magharibi, ambako Lushoto iko, inakatika ghafla kwenye kijiji cha Mtae, na chini ya ukingo huo inaanza nyika inayoendelea hadi Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambayo nayo imepakana na Tsavo ya Kenya. Kwa hiyo unaweza kukaa Lushoto ukaila baridi, ukaitazama hifadhi kutoka juu, halafu ukashuka ukaingia ndani yake. Na yote hayo yako kandokando ya barabara ileile ya Dar kwenda Arusha ambayo tumeipita mara nyingi tukienda kwenye harusi na misiba Moshi.

Tarehe ilinisumbua kuliko fedha. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, sikutaka hata kuyajadili. Barabara ya kupanda Lushoto imechongwa ubavuni mwa mlima, mvua ikizidi udongo unaporomoka, na ile ya vumbi ya kwenda Mtae inageuka tope. Upande wa Mkomazi mambo ni kinyume kidogo, maana tembo huvuka kutoka Tsavo wakati wa mvua kufuata majani mabichi, na kiangazi kikikolea wengi wanarudi zao. Anayetaka tembo wengi itabidi akubali matope. Anayetaka njia kavu na wanyama waliojikusanya kwenye maji angoje kiangazi. Nikachagua mwishoni mwa Juni: shule zimefungwa, mvua zimekatika, nyasi bado zina rangi. Kasoro yake ni baridi. Nikaenda soko la Karume nikanunua majaketi ya mtumba ya kila saizi. Mama mkwe aliyaangalia akacheka. "Mwanangu, sisi tumekulia kwenye upepo wa bahari, hayo mavazi ya nini?" Nikayafunga kwenye begi kimyakimya.

Kampuni moja ya utalii niliyoipigia simu ilinitajia bei kwa dola, kwa kila kichwa, mimi Mtanzania niliyepiga nikiwa Tabata. Nikashukuru, nikakata. Nikaivunja safari vipande vipande na kila kipande nikakitafutia njia yake: basi hadi Lushoto, mwongozaji wa kule kule kwa matembezi, gari la kukodi kwa siku za mwisho tu, na basi jingine la kurudia nyumbani kutoka Same. Gari ndilo lililokula zaidi ya nusu ya bajeti, kwa hiyo sikuona sababu ya kulilipia likae limeegeshwa Lushoto wakati sisi tunatembea kwa miguu.

Kwenye gari msione aibu kuuliza. Kabla ya kutuma hata senti nilimwuliza mwenye gari: mafuta ni ya nani? Dereva analala wapi na kwa fedha ya nani? Kiingilio cha gari hifadhini nani anakilipa? Linavuta magurudumu yote manne au ni umbo tu? Alipoanza kujibu "hilo tutaelewana huko huko", nikahamia kwa mwingine. Huyu wa pili aliniandikia kila kitu kwenye ujumbe, hadi saa ya kuondoka.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na katika kilomita hizo unapanda karibu mita 1,000. Kona haziishi. Mtoto anayetapika mkalishe mbele na asile chipsi Mombo, basi. Ukifika Soni hewa imebadilika, na pale njiani kuna akina mama wanauza mapea na karoti zenye udongo bado. Lushoto penyewe, iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ndiko Wajerumani walikokimbilia kukwepa joto la pwani na kupaita Wilhelmstal. Jioni ya kwanza mama mkwe aliomba jaketi, kisha akaomba na kitenge cha kuweka juu ya jaketi. Sikusema neno.

Matembezi niliyapanga kwa kuangalia magoti yake kwanza. Irente tulikwenda wote, kwa sababu gari linafika karibu kabisa na ukingo. Unasimama juu ya jabali, na chini yako kabisa kuna Mazinde, mashamba ya mkonge na nyika inayopotelea kwenye ukungu wa joto. Wenye kizunguzungu wakae nyuma. Hakuna uzio wa maana, na binti yangu nilimshika mkono muda wote. Baadaye tulikula kwenye shamba la Irente, mkate mweusi mzito, jibini na jamu yao, mama mkwe amejinyoosha kwenye jua kama mwenye nyumba.

Msitu wa Magamba ulikuwa wetu wenye miguu. Ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, unalipia kiingilio, na kwa maoni yangu usiingie bila mwongozaji, hata kama njia inaonekana. Wetu alikuwa kijana wa Kisambaa anayesalimiana na kila tunayekutana naye, "Onga maundo", asubuhi nzima. Mwendo wake ulikuwa wa taratibu hadi mume wangu akaanza kunung'unika, kisha tukaelewa sababu. Alisimama ghafla akanyoosha kidole kwenye tawi lililokuwa usawa wa kifua changu. Sikuona kitu. "Tafuta jicho, mama, usitafute mwili." Nikatafuta, ndipo nikaliona: kituta kidogo cha ngozi kinachozunguka taratibu, kikaniangalia mimi, huku jicho la pili likiangalia upande mwingine kabisa. Puani palikuwa na pembe mbili fupi zenye magamba. Kinyonga alikuwa amelishika tawi kwa miguu iliyogawanyika kama koleo, na mkia ameukunja umekaza. Kijana akatuambia kuna aina za vinyonga ambazo hazipatikani popote duniani isipokuwa milima hii. Mwanangu alipiga picha, akaikuza kwenye simu, akaniambia bila kuombwa kwamba pembe moja ni ndefu kuliko nyenzake. Mbega nao tuliwaona, manyoya meupe yakipepea wakiruka mti hadi mti, lakini hao kila mtu anawaona. Kinyonga lazima uonyeshwe.

Mtae tulikwenda na gari la kukodi, na njia hiyo inakula sehemu nzuri ya asubuhi, viazi na kabichi kila upande. Kijiji kiko kwenye mgongo wa mlima, ardhi inaanguka pande zote. Siku ya anga safi unaweza kuiona Kilimanjaro; sisi tuliona milima ya Upare tu, na chini yake ile nyika ya Mkomazi, kahawia na tambarare, mawingu yakitembeza vivuli juu yake. Ukiangalia unadhani unaweza kushuka kwa mguu ukafika. Kwa gari ni habari nyingine: unarudi Lushoto, unateremka Mombo, unashika lami kuizunguka milima kama kilomita 100 hivi, unapita Hedaru na Makanya hadi Same. Nilishalijua hilo tangu kwenye ramani, ndiyo maana nililipanga liwe siku ya gari pekee, na usiku tukalala gesti ya Same mjini, ambako bei ni za watu wa kawaida.

Lango la Zange liko karibu na mji, kwa hiyo kesho yake tuliingia mapema kabla jua halijawa kali. Langoni hawapokei fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, kwa hiyo hakikisha salio lipo kabla hujatoka gesti. Raia hulipa kwa shilingi, kiwango cha chini kabisa, watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi. Vitambulisho vya taifa vya NIDA nilivibeba mwenyewe, vya watu wazima wote.

Nitasema ukweli: Mkomazi si mahali pa kwenda kuhesabu simba. Ilikuwa pori la akiba tangu 1951, ikawa hifadhi ya taifa 2008, na ni nchi kavu, wanyama wake wana haya. Lakini ina wale ambao wageni wa Serengeti hawawaoni. Choroa, mnyama wa jamii ya swala, pembe zake zimenyooka kama mikuki. Na swala twiga! Dereva alizima gari. Swala huyo alikuwa peke yake kwenye mgunga, akajiinua kwa miguu ya nyuma hadi akasimama wima kabisa, shingo ndefu imepenya katikati ya miiba, akawa anachuma majani ya juu, moja moja, bila haraka. Binti yangu akauliza anakunywa wapi maji. Dereva akasema hayahitaji, yanatosha yaliyomo kwenye majani. Mama mkwe, ambaye alikaa kiti cha mbele muda wote na darubini ya mwanangu shingoni, ndiye aliyewaona tembo wa kwanza, wekundu kwa udongo, kwenye bwawa la Dindira.

Faru tuliwaacha. Wapo, faru weusi ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1997, ila eneo lao lina utaratibu na malipo yake ya pembeni, na mchezo wetu ulikuwa umefika mwisho. Mume wangu bado analalamika kuhusu hilo, yeye aliyetaka kulala.

Kurudi, mabasi yanayopita Same yanatoka Arusha na Moshi, na wakati wa likizo yanafika yamejaa. Tiketi zetu nilikuwa nimezikata tangu nikiwa Dar, viti vya mbele viwili kwa ajili ya magoti ya mama.