Usikubali wapige Windows kabla hujatoa mafaili yako

Jumamosi iliyopita mama mdogo kanipigia asubuhi sana, sauti imemkauka, laptopu haiwaki. Usiku umeme ulikatika ukarudi ukakatika tena, kulipokucha anabonyeza inawaka taa tu, kioo cheusi. Fundi wa pale mtaani kashamwambia hiyo ni kupiga Windows tu, yaani kuiweka upya, jioni mama aje aichukue. Nikamwambia mama tafadhali irudishe nyumbani, nakuja. Yeye ni mwalimu, mle ndani kuna alama za wanafunzi wake na picha zote za marehemu baba mdogo, na mafundi wengi wakisema kupiga Windows wanafuta diski nzima bila hata kukuuliza una nini ndani.

Nilipofika nikamwamkia, chai hata sikumaliza. Nikachomoa chaja, nikatoa betri, nikashikilia batani ya kuwashia kama sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe, nikarudisha chaja peke yake, bado. Nikafungua chini nikatoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu ya muda. Yale meno yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa yamefifia kabisa, nikayasugua taratibu kwa ufutio wa penseli mpaka yakang'aa, nikapangusa vumbi kwa brashi kavu, nikairudisha mpaka ikalia ka! pande zote mbili. Nikawasha, nembo ikatokea, mama akasema alhamdulillah.

Ila alishukuru mapema. Duara likazunguka dakika ishirini, mwisho kioo kikawa cha bluu, kinasema diski ya kuwashia haifikiki. Nikainamisha sikio pale chini ya kibodi nikasikia tk… tk… kimya, tk. Hapo nikazima palepale. Hii ni diski ya zamani ile inayozunguka, sindano yake ikianza kugonga hivyo ujue inashindwa kusoma na kila ukiiwasha unaimaliza. Naomba sana hapa watu wasikie, usianze kuirestati mara kumi kumi, na usikimbilie CHKDSK, ile programu ya Windows ya kurekebisha diski, maana ikirekebisha inaandika kwenye diski ambayo tayari ni mgonjwa, toa vitu vyako kwanza matengenezo baadaye.

Nilikuwa na flashi ya gigabaiti 8 niliyoiwekea Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, kwa kutumia Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kuwashia. Unaichomeka, unawasha huku unabonyeza F12 (mashine nyingine F9 au Esc), unachagua flashi, na Linux inafunguka ikitumia flashi na RAM tu bila kugusa Windows wala kuinstoli chochote. Diski ikaonekana! Ilifunguka kwa kusoma tu, haikubali kuandika kwa sababu Windows haikuzimwa vizuri, na kwa kazi yetu hiyo ndiyo nzuri zaidi. Kama mashine yako ni mpya kidogo inaweza kukuomba namba za BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski, ziko 48, angalia kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Nikachomeka diski ya nje nikaanza na folda ya picha, halafu alama, halafu vilivyobaki. Usikopi diski yote kwa mpigo maana ikifa katikati hujui umepata nini. Gigabaiti 38 zilichukua saa tano, mama kakaa pembeni muda wote anahesabu folda kwa vidole, na ile picha ya baba mdogo kavaa kanzu nyeupe mlangoni ilipofunguka nzima akaniambia niikuze, akaitazama kimya mpaka nikatoka nje nimpishe.

Alama zote zimepatikana. Imegoma video moja tu, ya harusi yao, kila ikifika katikati diski inagonga na kuganda, nikaacha kuilazimisha. Nimemfungia SSD mpya, diski isiyo na kitu kinachozunguka, nikapiga Windows humo, na ile ya zamani nimeifunga kwenye kitambaa iko kabatini kwangu, nikipata diski kubwa ya kutosha nitaijaribu kwa ddrescue, programu ya kuokoa data, ile inasoma kwanza sehemu zilizo nzima ndiyo inarudi kwenye zilizoharibika.