Siku yangu na panya, mwaloni na ukame

Saa mbili asubuhi nafungua kabati la panya. Kazi yangu makumbusho ni kuandika maelezo ya maonyesho, na leo nina viumbe wawili tu: panya-kangaruu wa San Quintín, Baja California, Meksiko, na mti wa mwaloni wa milima ya Chisos, Texas, Marekani. Wote walidhaniwa wametoweka.

Ninayemtoa ni ndugu wa huyo wa San Quintín. Kajazwa pamba, kibandiko kimefungwa mguuni kwa uzi. Miguu ya nyuma mirefu, mkia unaishia kwa kishungi. Namgeuza kwa kibano hadi naiona mifuko ya mashavuni: inafungukia nje ya mdomo, na ndani ina manyoya. Humo hubeba mbegu bila kuzilowesha kwa mate. Hata mate hayapotezi! Figo zake hubana maji sana, hivyo anaweza kuishi kwa mbegu kavu bila kunywa.

Wa San Quintín hakuonekana tangu 1986, nyanda zake zikigeuzwa mashamba. Mwaka 2017 watafiti wakamkuta mtegoni.

Saa nne nahamia kwenye mwaloni, uliopewa jina la kisayansi *Quercus tardifolia* mwaka 1936. Ilidhaniwa umekwisha mti wa mwisho uliojulikana ulipokufa 2011. Mei 2022 ukapatikana mmoja katika hifadhi ya Big Bend, urefu wa mita tisa hivi, shina lina kovu la moto, na kuvu wameushambulia.

Saa saba mwenzangu anapitia rasimu. "Dada, si tuwaweke chini ya kichwa kimoja, *Waliorudi*?"

"Hapana, kaka. Panya wamerudi. Mti huu umekutwa peke yake."

Na mchana wote naandika hilo tu. Panya wakiachiwa ardhi, watazaana. Mwaloni huchavushwa kwa upepo. Ukiwa mmoja, chavua itatoka kwa mialoni ya aina nyingine jirani, na miche itakuwa chotara. Tena kokwa ya mwaloni ikikauka hufa, kwa hiyo haihifadhiki kwenye benki ya mbegu kama nafaka. Ukavu ule ule anaouweza panya ndio unaoiua. Inabaki kubebesha: kijiti cha mti ule juu ya shina la mwaloni mwingine.

Saa kumi na moja vibao vimekuwa viwili. Namrudisha panya kabatini, nanyoosha kishungi kisikunjike, nafunga.