Saa nane ipi? Nilivyoipata simu ya mpango wa kila mwaka

Jumapili iliyopita kijana mmoja tunayesali naye aliniuliza kama ajiunge na mpango wa kampuni za simu, ule wa kubadilishiwa simu mpya kila mwaka. Nilicheka mpaka akaona haya. Nikamwambia akae nimsimulie yaliyonipata mwaka 2017, lakini alikuwa anawahi shifti. Basi naandika, atasoma akipumzika.

Naishi Minnesota, na kazi yangu ni ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Oktoba 2016 nilichukua iPhone 7 kwa mpango wa kampuni yangu ya simu. Jina lake silitaji, bado natumia laini yao na sitaki maneno. Muuzaji aliueleza mpango ukawa mtamu kama haluwa: bei ya simu inagawanywa mara 24, ukishalipa marejesho 12 unarudisha ya zamani, unapewa mpya, mnaanza kuhesabu upya. Alipofika chini ya karatasi akasoma haraka haraka huku ameshaanza kuigeuza: mpya utapewa "ikiwepo dukani". Nikatia sahihi. Nani anasikiliza maneno mawili ya mwisho wakati boksi liko mezani?

Septemba 12, 2017 Apple wakaionyesha iPhone X. Kwa mara ya kwanza bei ya kuanzia ya iPhone ikafika dola 999. Haina kitufe mbele, inafunguka kwa kukutazama uso. Nikaipenda hapo hapo. Na mahesabu yangu yalikaa vizuri ajabu, maana oda zingefunguliwa Oktoba 27, na rejesho langu la 12 lilikuwa limekatwa wiki moja kabla. Habari zilikuwa zimeshasema kwamba vifaa vile vya kusoma uso vinawapa shida watengenezaji na simu zitakuwa chache. Nikasema chache kwa wengine, mimi niko kwenye mpango.

Mdogo wangu anaishi Seattle, na mambo ya simu anayajua kuliko waliozitengeneza. Alinitumia ujumbe: "Kaka, oda zinafunguliwa saa sita usiku na dakika moja ya huku. Kwako ni saa nane na dakika moja. Usichelewe hata dakika." Wakati huo alikuwa na miaka miwili tu tangu atoke Moshi. Mimi nilikuwa na kumi na mbili.

Sasa sikilizeni. Usiku ule nilikuwa kazini. Saa nane usiku nilikuwa macho kabisa, nimekaa jikoni na kikombe cha chai, wazee wote wamelala, simu iko mfukoni, ina chaji, na intaneti ya pale ina kasi. Nakumbuka hata nilitazama saa ya ukutani. Nikaimalizia chai yangu nikaenda kukunja mashuka. Saa moja asubuhi nikatoka, nikafika nyumbani, nikapika uji, nikawasha kompyuta, nikaweka kadi ya benki pembeni kama mtu anayesubiri mtihani. Na ilipogonga 8:01 kwa saa ya Wazungu, nikabonyeza.

Simu itafika baada ya wiki tano hadi sita.

Nikadhani mtandao umekosea. Nikabonyeza tena. Nikampigia mdogo wangu kwa hasira, kumbe nimemwamsha, Seattle bado giza. "Kaka, nilikwambia saa nane!" Nikamjibu, si ndiyo hii saa nane? Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza polepole, kama anaongea na mmoja wa wazee wangu: "Kaka. Saa nane ya nani?"

Miaka kumi na miwili Marekani, na mtoto wa Moshi nimepoteza saa sita nzima kwa sababu ya kusoma saa ya Kiswahili kwa Kiingereza. Mama aliposikia alisema ni laana ya kutopiga simu nyumbani.

Chumvi kwenye kidonda: wiki tano hizo zenyewe zilikuwa za wanaonunua kwa kawaida. Nilipochagua "mpango", ukurasa ukaniambia niende dukani, kwani ya zamani lazima ikaguliwe kwa macho ya mtu.

Novemba 3 maduka yalifungua saa mbili asubuhi. (Ndiyo, hiyo ndiyo 8 yao. Safari hii niliuliza mara mbili.) Nilitoka kazini moja kwa moja hadi kwenye foleni, na sare yangu, kwenye baridi ya Minnesota inayopenya mpaka kwenye meno. Mbele yangu watu kama thelathini. Muuzaji alitoka na karatasi akasema zilizokuja leo zote ni za walioweka oda. Nikauliza, na sisi wa mpango? Akasema tutapigiwa simu. Mpaka leo nasubiri.

Kisha akanivuta pembeni kunipa ushauri wa kirafiki: niache ile ya zamani pale pale, waisajili kama imerudishwa, ili nafasi yangu isipotee. Nilikuwa na usingizi kiasi kwamba mkono ulishaingia mfukoni. Bahati nzuri nikakumbuka kwamba ratiba yangu yote ya kazi iko ndani ya hiyo simu. Mama mmoja wa Liberia ninayefanya naye kazi aliukubali ushauri kama huo, akakaa na kitochi wiki tatu na zaidi, picha za wajukuu haoni. Kwa hiyo ukiambiwa uache simu kabla hujaishika mpya, jifanye husikii Kiingereza.

Na huku nyumbani kulikuwa na kesi nyingine. Nilikuwa nimemwahidi dada yangu Moshi ile iPhone 7. Kwetu simu ya zamani ya mtu wa Marekani ni kama urithi, watu wameshapanga foleni kabla hujafa. Dada alikuwa ameshanunua hadi kava lake, jekundu. Ilinibidi nimweleze kwamba simu inarudi kwa kampuni.

"Si umeilipia mwaka mzima?"

"Nimelipa."

"Na bado unawarudishia?"

"Ndiyo mpango ulivyo, dada."

Kimya. Halafu: "Kwa hiyo ulikuwa umekodi simu."

Sikuwa nimelifikiria hivyo. Nyumba nimekodi, gari la benki, na simu nayo nimekodi. Lakini kesi ilikuwa imeshaanza na mimi ni mbishi.

Aliyeniokoa ni rafiki yangu anayeendesha gari la kusambaza vifurushi. Aliniambia, "Unapiga simu madukani saa ngapi?" Nikasema wakifungua tu. Akacheka. Mizigo ya maduka ya simu wanaishusha kabla ya saa nne na nusu asubuhi. Ukipiga wakifungua, hawajui watakachopata. Ukipiga jioni, kimeshaisha. Piga saa tano kasorobo, wakati boksi limefunguliwa na hakuna aliyetangaziwa. Huyu ndugu nilimnunulia nyama choma, na ilistahili.

La pili nililigundua mwenyewe na najivunia. Usipige Minneapolis. Kila duka lilikuwa linapewa simu chache, lakini Minneapolis kuna watu wanaolala mlangoni, na miji midogo watu wana kazi zao. Nikaandika nyuma ya ratiba ya shifti: Mankato, Rochester, St. Cloud, Duluth.

La tatu ni namna ya kuuliza. Ukisema "Mna iPhone X?", jibu liko mdomoni tayari: hatuna. Hata hajainuka kwenye kiti. Mimi nikawa nauliza: "Kwenye boksi la leo zimekuja rangi gani?" Hapo lazima atazame. Rangi zilikuwa mbili tu, ya fedha na ya kijivu, kwa hiyo swali halina ujanja wowote, lakini linamfanya mtu asimame. Siku ya kwanza nilipata hapana nne. Ya pili, dada mmoja wa Rochester alisema ipo moja, nikasema nakuja, akasema subiri, ah, imeuzwa nikiongea na wewe. Siku ya nne St. Cloud akapokea kijana. Akasikiliza Kiingereza changu, akauliza: "Ndugu, wewe ni wa wapi?"

Nikasema Tanzania. Akabadilisha lugha hapo hapo. Alikuwa Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini haswa. Akasema iko moja, ya fedha, GB 256, na sheria haimruhusu kumwekea mtu, lakini boksi bado liko nyuma na yeye ni mvivu wa kupanga vitu. "Njoo kabla ya saa sita."

Moyo ukasimama. "Saa sita ipi, ndugu yangu? Ya kwetu au ya Wazungu?"

Akaangua kicheko. "Saa sita ya mchana! Jua kichwani!"

Kutoka kwangu hadi St. Cloud ni kilomita kama mia, barabara ya 94. Nilikuwa sijalala tangu jana yake mchana. Nilishusha vioo vya gari, kibaridi kikinichapa, huku naimba tenzi za rohoni kwa sauti. Msinifuate kwa hilo, ni ujinga. Kioo cha simu ya zamani nilikuwa nimekibadilisha wiki ile kwa dola mia na kitu, maana kilikuwa na ufa kwenye pembe na mpango haupokei ufa.

Nilifika saa sita kasoro dakika ishirini. Kijana aliichukua iPhone 7 yangu, akaiinamisha kwenye taa ya dirishani, akapitisha ukucha taratibu pembeni mwa kioo, pande zote nne. Nikawa nahesabu pande. Akasema safi. Kisha akasema nizime kile kipengele cha kutafuta simu iliyopotea, bila hivyo mashine yao haiipokei. Kinataka nywila. Nywila siijui.

Nilijaribu tarehe za kuzaliwa za watoto wote. Nilijaribu mstari wa Zaburi. Nyuma yangu akaingia mzee mmoja mrefu amevaa kofia ya kuwindia kulungu, akauliza kwa upole kama wanayo ile simu mpya. Kijana akamwambia kuna mmoja anashughulikiwa. Jasho lilinitoka Novemba, Minnesota. Mwisho nikampigia mke wangu, akasema bila kufikiri: jina la shule yako ya msingi na mwaka uliomaliza, si ndiyo unaweka kila mahali? Ikafunguka. Nimeshaibadilisha, msihangaike.

Mimi nilitaka GB 64. Ya 256 ilikuwa dola 1,149, yaani karibu dola 48 kwa mwezi, na Minnesota kodi ya mauzo unalipa siku hiyo hiyo kwa bei nzima, kama dola 80 na ushei, hata kama simu yenyewe utailipa miaka miwili. Ndivyo uchache unavyokuuzia usichotaka. Lakini mwambie hayo mtu ambaye ameikamata mkononi.

Ilinisajili uso nikiwa sijalala saa ishirini na kitu. Nilipoamka jioni, nimeoga, nimenyoa, ikanikataa mara mbili.

Oktoba 2018 kampuni ikanitumia ujumbe: hongera, sasa unaweza kubadilisha! Niliufuta. Nikaendelea na marejesho mpaka la 24, nikapata barua kwamba simu ni mali yangu, na Krismasi ya 2019 nikaipeleka Moshi mwenyewe.

Dada aliigeuza geuza, akanitazama. "Hii hawaitaki tena?"

"Ni yako."

Akaingia chumbani akarudi na lile kava jekundu la iPhone 7. Halikuingia.