Nyumba ya msituni bado ndiyo yangu

Watazamaji wa Grand Designs, kipindi cha watu wanaojijengea nyumba anachokiongoza Kevin McCloud kwenye runinga ya Channel 4 ya Uingereza tangu 1999, huanza kumhukumu mjenzi hata zege la msingi halijakauka. Mwaka 2019 walionyeshwa jumba lenye mnara juu ya jabali la Devon, madeni yamemwelemea mwenyewe na kazi haijaisha. Wengi walisema hawajapata kuona kipindi cha huzuni kama kile, na wapo waliomsema vibaya sana. Mimi nilimwonea huruma. Kujenga kunatia wazimu, jamani.

Ila moyo wangu uko West Sussex, kwa Ben Law, aliyeonyeshwa 2003 akijenga nyumba msituni. Huyo miti aliikata kwenye msitu wake mwenyewe, kuta akazijaza marobota ya mabua makavu ya nafaka. Nguzo ni magogo ya mviringo, hayakupasuliwa mbao, kila moja na mpindo wake. Nilimwonyesha mjomba, seremala wa Tanga. Akasimamisha picha penye maungio, akaikuza, akatazama weee.

"Huyu anaujua mti," akasema. Kisha akauliza paa limeezekwa kwa nini. Vigae vya mbao, mjomba, vilivyochanwa kwa mkono.