Nilivyoutambua wito wangu wa utawa

Nilikuwa na miaka 26, karani wa hesabu katika ofisi moja mjini, nilipomwambia padre kwamba nataka kuwa sista. Akaniuliza swali moja tu: "Unakimbia nini?"

Niliumia. Uchumba wangu ulikuwa umevunjika miezi mitatu kabla, na kila aliyenijua aliamini nakwenda kuficha machozi utawani. Moyoni nilijua sivyo. Lakini ningejuaje kwa hakika?

Parokia yetu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Kangemi, Nairobi, inahudumiwa na shirika la Wajesuiti, na padre huyo alinilea kwa njia yao. Alinisimulia habari za mwanzilishi wao, Inyasi wa Loyola, askari aliyevunjwa mguu na risasi ya mzinga vitani kule Pamplona, Hispania, mwaka 1521. Alipokuwa kitandani aliwaza mambo mawili: kujipatia sifa kama askari, na kuishi kama watakatifu aliowasoma. Yote mawili yalimfurahisha alipoyawaza. Tofauti ilionekana baadaye, kwa kuwa yale ya kwanza yalimwacha mkavu, na ya pili yalimwacha na furaha. "Wewe pia," padre akasema, "angalia unabaki na nini."

Nikanunua daftari. Kila usiku niliandika mahali nilipopata amani siku hiyo na mahali iliponiponyoka. Miezi ya kwanza daftari lilijaa habari za Wakarmeli, watawa wanaoishi kwa sala na ukimya ndani ya monasteri. Nilikuwa nimekwenda kusali kwao, nikapenda ule ukimya, nikajiona tayari ndani ya kuta zao. Nilipoyasoma maandishi ya miezi minne kwa mpigo, nikagundua kwamba niliwatamani zaidi siku ambazo foleni ya Waiyaki Way ilinila saa mbili au niligombezwa kazini. Nilikuwa nimechoka, basi. Wito wa Wakarmeli ni mkubwa mno kuugeuza kuwa mahali pa kupumzikia.

Kulikuwa na kurasa nyingine nilizoziandika bila kuzitilia maanani. Baadhi ya Jumamosi nilikwenda kwa masista wa Mama Teresa, mtaa wa Huruma, kusaidia kulisha na kuogesha watoto wenye ulemavu. Nilirudi mgongo unauma, nguo zimelowa, na Jumatano bado furaha ilikuwa ipo. Padre alipozisoma hakusema neno. Alinipa anwani ya shirika linalohudumia wagonjwa, nikaenda wiki ya Njoo Uone, ambapo wasichana hukaa na masista kuyaona maisha yao.

Mkurugenzi wa miito, sista mzee mwenye sauti ya chini, aliniuliza kama nina deni. Nilikuwa na deni: shilingi 148,000 za mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu. Akanieleza kwamba kanuni ya 644 ya Sheria ya Kanisa hairuhusu kumpokea katika unovisi, yaani kipindi cha malezi kabla ya nadhiri, mtu mwenye deni asiloweza kulilipa. "Lipa kwanza, binti yangu. Sisi tupo." Nililia ndani ya matatu njia nzima. Leo namshukuru. Nililipa shilingi 8,000 hivi kila mwezi kwa miezi 19, na hamu yangu haikupoa hata mwezi mmoja. Uchungu wa uchumba ulikwisha kitambo, wito ukabaki.

Mama ndiye aliyenipa kazi ngumu zaidi. Mimi ni kifungua mimba. Nilipomwambia, aliendelea kuchambua sukuma wiki, kisha akasema, "Nilitaka kumbeba mtoto wako mgongoni." Sikuwa na jibu, na sikulitafuta. Cheti changu cha ubatizo, ambacho shirika lilikihitaji, alikiweka yeye. Kila nilipokiomba, alisema hakioni.

Wiki nyingi baadaye aliuliza mwenyewe, "Ukiingia huko, ndiyo basi?" Nikamweleza hatua zote: uaspiranti na upostulanti, ambazo ni hatua za mwanzo za kufahamiana na shirika, kisha unovisi usiopungua miezi 12, halafu nadhiri za muda kwa miaka isiyopungua mitatu, ndipo za daima.

"Kwa hiyo miaka hiyo yote unaweza kurudi nyumbani?"

"Ndiyo, Mama. Na wao wanaweza kuniambia nirudi."

Alinyamaza, lakini usiku ule alisali rozari pamoja nami.

Naingia uaspiranti Januari. Jumapili iliyopita Mama aliniita jikoni, akaniwekea bahasha ya kaki mezani. Ndani mlikuwa na cheti cha ubatizo, cha kipaimara, na picha yangu ya Komunyo ya Kwanza, ambayo hakuna aliyeiomba.